Chaneli iko kwenye seli gani?

Mwaka 2001 watafiti wa Antwerp, nchini Ubelgiji, walichapisha makala fupi ambayo ilielekeza kazi yangu kabla hata kazi hiyo haijaanza sawasawa. Walikuwa wamewapima watoto saba wenye aina kali ya kifafa ambayo daktari Mfaransa, Charlotte Dravet, aliieleza mwaka 1978, na kwa wote saba walikuta kasoro katika jeni ileile moja, SCN1A, inayobeba maelekezo ya kuunda chaneli ya sodiamu ya niuroni, yaani protini yenye tundu la kupitishia sodiamu katika seli ya neva. Kasoro hizo hazikurithiwa. Zilijitokeza upya kwa mtoto mwenyewe. Wakati huo nilikuwa katika hatua za mwanzo za shahada ya uzamivu, na makala ile ilizua maabarani kwetu ubishi uliodumu kuliko mwingine wowote ninaoukumbuka. Chaneli ya sodiamu ndiyo inayoiwezesha niuroni kufyatua msukumo wa umeme. Nyingi ya kasoro zilizoripotiwa zilikuwa za kukatisha protini kabla haijakamilika, maana yake mtoto alibaki na takriban nusu ya chaneli anazostahili kuwa nazo. Chaneli zikipungua, ubongo ulipaswa kutulia. Iweje basi watoto hawa wapate degedege linaloanza pamoja na homa kabla hawajatimiza mwaka mmoja, kisha kifafa ambacho dawa nyingi hazikiwezi?

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya utafiti imepita nikilizunguka swali hilo, na ndilo lililonifikisha kwenye msimamo ninaotaka kuueleza hapa. Fani yetu imezoea kuuliza kwanza chaneli imeharibika vipi, yaani kama kazi yake imepungua au imezidi. Naona swali la kutangulia ni jingine: chaneli hiyo iko kwenye seli gani, na seli hiyo iko katika umri gani. Bila majibu ya maswali hayo mawili, kipimo cha chaneli chenyewe, hata kikiwa safi namna gani, hakimwambii daktari kitu cha kumfaa mgonjwa.

Nianze na kitu chenyewe. Seli ya neva imefunikwa na utando wa mafuta wenye unene wa nanomita chache tu. Ndani kuna potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, nje ni kinyume chake, na tofauti hiyo hudumishwa na pampu za protini ambazo hazipumziki na ambazo hula sehemu kubwa ya nishati ya ubongo. Seli ikiwa imetulia, upande wa ndani huwa hasi kwa takriban milivolti 70 ukilinganisha na nje. Kiasi hicho huonekana kidogo mpaka ukumbuke kwamba kimebanwa ndani ya unene wa nanomita chache: ukipiga hesabu utapata uga wa umeme unaozidi volti milioni 10 kwa mita, mkali kuliko ule unaotosha kupasua hewa na kutoa cheche. Katikati ya uga huo ndimo chaneli zinamoishi. Kila chaneli ni protini yenye tundu katikati na sehemu zenye chaji zinazosukumwa na mabadiliko ya volteji. Volteji ikibadilika, protini hujipinda, tundu hufunguka, na mamilioni ya ioni, yaani chembe zenye chaji kama za sodiamu, hupita kwa sekunde moja. Chaneli za sodiamu hufunguka kwa muda usiofika milisekunde mbili kisha hujifunga zenyewe, zile za potasiamu hufuata kwa kuchelewa kidogo, na jumla ya mwendo huo ndiyo msukumo wa neva.

Alan Hodgkin na Andrew Huxley walilifahamu hilo kabla mtu yeyote hajaiona chaneli hata moja. Walifanya kazi na ngisi, kwa sababu ngisi ana mnyuzi wa neva mnene kiasi cha nusu milimita hadi milimita nzima, unaoweza kupenyezwa waya ndani yake. Makala zao za mwaka 1952 zina milinganyo ambayo Huxley aliikokotoa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, na ambayo mwanafunzi wa leo bado huiandikia programu katika wiki zake za mwanzo. Tuzo ya Nobel waliipata mwaka 1963, pamoja na John Eccles. Huwa nawaambia wanafunzi wazisome makala zile zenyewe badala ya muhtasari wa vitabu vya kiada, kwa kuwa ndani yake kuna kitu ambacho muhtasari hukiacha: waandishi wanaeleza waziwazi ni wapi milinganyo yao inalingana na data bila kuthibitisha namna utando unavyofanya kazi.

Kilichonivutia mimi mwanzoni, hata hivyo, hakikuwa milinganyo. Kilikuwa sumu. Samaki bunju ana sumu iitwayo tetrodotoksini, ambayo mwaka 1964 Toshio Narahashi na wenzake walionyesha kwamba huziba mkondo wa sodiamu peke yake na kuuacha wa potasiamu ukiendelea kama kawaida. Ukidondosha kiasi kidogo mno cha sumu hiyo katika sahani yenye niuroni hai, ule mkondo mkali unaoshuka chini kwenye skrini hufifia mbele ya macho yako na kutoweka, na ukiisuuza seli kwa maji safi ya chumvi mkondo hurudi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba chaneli si wazo la kwenye vitabu bali ni kitu chenye umbo, ambacho molekuli nyingine inaweza kukikalia na kukiachia. William Catterall, ambaye jina lake litarudi hapa chini, aliifikia protini ya chaneli ya sodiamu kwa njia inayofanana na hiyo: mwaka 1980 yeye na mwenzake waliitumia sumu ya nge kuitia alama, wakaitambua kati ya maelfu ya protini nyingine za utando.

Chombo cha kazi yangu ni pipeti ya kioo. Mwaka 1976 Erwin Neher na Bert Sakmann, wakiwa Göttingen, walifaulu kurekodi mkondo wa chaneli moja moja katika msuli wa chura, na miaka michache baadaye waliboresha mbinu hiyo kiasi kwamba maabara yoyote yenye uvumilivu ingeweza kuitumia. Nobel yao ilikuja mwaka 1991. Mbinu yenyewe haijabadilika sana. Unachukua mrija mwembamba wa kioo, mashine inaupasha joto na kuuvuta mpaka ukatike, na ncha inabaki na tundu la mikromita moja hivi. Unaujaza maji ya chumvi, unaushusha ndani ya sahani ukiupuliza kidogo ili uchafu usigande kwenye ncha, na chini ya hadubini unauona utando wa seli ukibonyea pale pipeti inapoukaribia. Unaachia presha. Unafyonza taratibu kwa mdomo kupitia mpira mwembamba, huku macho yakiwa kwenye skrini ambako mapigo madogo ya volteji yanakuonyesha ukinzani: megaomu tano, ishirini, mia mbili, halafu ghafla mstari unalala, na unajua utando umekishika kioo kwa ukinzani unaopita gigaomu moja. Meza nzima imeelea juu ya hewa iliyobanwa ili mtetemo wa sakafu usiifikie, na kizimba cha waya kimeizunguka ili umeme wa taa za chumba usiingie. Ukiwa na bahati kuna chaneli moja tu ndani ya kile kipande cha utando, na mkondo wake unaonekana kama ngazi yenye daraja moja: juu, chini, juu, chini, pikoampea chache, kila panda-shuka ikiwa ni molekuli moja ya protini inayobadili umbo lake wakati huohuo unapoitazama. Sijui fani nyingine ya baiolojia iliyoipata fursa hiyo mapema namna hii.

Kwa miaka ya kwanza nilirekodi chaneli za binadamu ndani ya seli za figo. Hili huwashangaza watu walio nje ya fani, na naona wana haki ya kushangaa. Seli za figo la kiinitete zinazokuzwa maabarani ni mpole, ni duara, hazina chaneli nyingi zao wenyewe, na zinapokea jeni yoyote unayozipa. Kwa hiyo ukizipa SCN1A yenye kasoro ya mgonjwa fulani, mkondo wa sodiamu utakaourekodi karibu wote ni wa chaneli hiyo. Ni jaribio safi. Lakini tulikuwa tunasoma ugonjwa wa ubongo ndani ya figo, na majibu yalianza kugongana. Mwaka 2002 kasoro kadhaa za SCN1A, kutoka familia zenye kifafa chepesi kinachoambatana na homa, zilionyeshwa kuwa zinaacha mkondo mdogo wa sodiamu ukivuja baada ya chaneli kupaswa kujifunga, yaani chaneli iliyozidi. Kasoro nyingine za jeni hiyohiyo zilionyesha chaneli iliyodhoofika, na zile za ugonjwa wa Dravet, ile aina kali niliyoanza nayo, nyingi hazikutoa mkondo wowote. Kwenye mikutano kulikuwa na kambi mbili, kila moja ikiwa na data nzuri, na seli za figo hazikuwa na uwezo wa kuamua kesi hiyo, kwa sababu swali lenyewe halikuwa la figo.

Jibu lilitoka Seattle mwaka 2006, katika maabara ya Catterall huko Chuo Kikuu cha Washington. Walitengeneza panya wenye nakala moja tu nzima ya jeni hiyo badala ya mbili. Panya hao walipata kifafa na wengi wao wakafa kuanzia wiki ya tatu ya maisha. Kisha wakafanya kile ambacho sisi wengine hatukuwa tumekifanya: walizitenganisha niuroni za hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, kwa aina zake na kupima kila aina peke yake. Katika niuroni kubwa za kuchochea, mkondo wa sodiamu haukupungua. Katika niuroni ndogo za kuzuia, zile zinazomwaga GABA, kemikali ya kutuliza, na kazi yake ni kuwanyamazisha majirani, mkondo ulikuwa umeanguka vibaya. Kumbe niuroni za kuchochea hutegemea zaidi chaneli nyingine za sodiamu za ukoo huohuo, na SCN1A ndiyo tegemeo la zile za kuzuia. Ukiipunguza, hupunguzi kelele za ubongo. Unawanyang'anya sauti wale wanaozituliza. Mwaka uliofuata watafiti wa Japani walionyesha chaneli hiyo ikiwa imejazana katika aina mahsusi ya niuroni za kuzuia zinazofyatua kwa kasi kubwa, na mwaka 2012 ikaonekana kwamba kuifuta jeni katika niuroni za kuzuia za ubongo wa mbele peke yake kunatosha kuleta ugonjwa.

Catterall alifariki mwaka 2024. Alikuwa amefanya kazi inayotosha watu watatu: aliitambua protini ya chaneli ya sodiamu, akafafanua ile ya kalsiamu, na mwaka 2011 akashiriki kutoa picha ya atomi ya chaneli ya sodiamu ya bakteria. Kwangu mimi ile makala ya panya inazizidi zote, ingawa najua wenzangu wa upande wa maumbo ya protini watanipinga, na wana hoja: picha ya chaneli ya potasiamu aliyoitoa Roderick MacKinnon mwaka 1998 ndiyo iliyoeleza hatimaye jinsi tundu linavyoweza kupitisha ioni ya potasiamu na kuikataa ya sodiamu iliyo ndogo kuliko hiyo, jambo lililokuwa limewasumbua wanafizikia kwa miongo. Picha hiyo ilistahili Nobel ya mwaka 2003. Lakini picha ya atomi haina mtaa. Haikwambii chaneli hiyo inakaa kwa nani.

Baada ya kuisoma makala ile niliziacha seli za figo nikahamia kwenye vipande vya ubongo wa panya. Kazi hiyo ni ya haraka mwanzoni na ya polepole baadaye. Ubongo huwekwa kwenye maji ya chumvi yaliyopozwa yakakaribia kuganda, hukatwa vipande vya unene wa mikromita 300 kwa wembe unaotetemeka, na vipande huachwa vikipuliziwa mchanganyiko wa oksijeni asilimia 95 na kaboni dayoksaidi asilimia 5. Chini ya hadubini unatafuta seli hai kati ya zilizokufa juu ya uso wa kipande: iliyokufa imevimba na kiini chake kinaonekana wazi kama yai la kukaanga, iliyo hai ina ukingo laini ambao karibu hauuoni. Niuroni ya kuzuia yenye afya, ukiisukumia mkondo ndani, hufyatua misukumo zaidi ya mia kwa sekunde bila kuchoka, myembamba na yenye urefu uleule kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Ile ya panya mwenye nakala moja ya jeni huanza vizuri. Misukumo michache ya kwanza huwezi kuitofautisha na ya mwenye afya. Halafu inaanza kufupika, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa baada ya kila msukumo chaneli zinahitaji muda kidogo wa kujirudisha kabla hazijaweza kufunguka tena na zilizobaki hazitoshi kuziba pengo. Mwishowe seli inanyamaza huku mkondo unaoichochea ukiwa bado unaingia. Unyamavu huo unaangukia wakati ambapo mtandao unaihitaji zaidi seli hiyo, yaani wakati majirani wamechangamka. Homa nayo huongeza kasi ya kila kitu, na panya hawa wakipashwa mwili joto hupata kifafa kama watoto wanavyokipata.

Ningependa kusema kwamba jambo liliishia hapo, lakini umri ulituharibia unadhifu wa hadithi. Mwaka 2018 ilichapishwa kazi iliyowarekodi panya wa Dravet wakiwa wadogo kisha wakiwa wamekua kidogo zaidi, na ikaonekana kwamba zile niuroni za kasi zinarudia uwezo wake wa kufyatua baada ya dirisha fupi la udhaifu. Wanyama wenyewe hawakuwa wamepona. Kazi zilizofuata zimeelekeza kidole kwenye mnyuzi wa seli na mahali unapokutana na seli nyingine: mwili wa seli umepata nafuu, lakini ujumbe haufiki vizuri mwisho wa njia. Nilipoisoma kazi hiyo kwanza sikufurahi, kwa sababu data zetu nyingi zilikuwa za panya wadogo tu. Leo naiona kuwa imetufaa kuliko nyingi zilizotuunga mkono. Kuna jambo jingine linalokera zaidi na ambalo bado halijaeleweka kikamilifu: kasoro ileile ya jeni, ikiwekwa katika nasaba moja ya panya wa maabara, inaua, na ikiwekwa katika nasaba nyingine inaacha wengi wao wakiishi karibu kama kawaida. Familia za wagonjwa wanalijua hilo kwa njia yao, maana watoto wawili wenye kasoro zinazofanana hawafanani kwa ugonjwa.

Umri unaamua mambo hata nje ya Dravet. Mwaka 1998 jeni mbili za chaneli za potasiamu, KCNQ2 na KCNQ3, zilitambuliwa kuwa chanzo cha kifafa cha kurithi cha watoto wachanga, kinachoanza siku chache baada ya kuzaliwa na ambacho kwa kawaida hukoma chenyewe baada ya miezi michache. Jeni haijapona, ubongo ndio umekua na kupata njia nyingine za kujizuia. Katika SCN2A, ambayo ni chaneli ya sodiamu ya niuroni za kuchochea, kasoro zinazoizidisha chaneli huleta kifafa katika miezi mitatu ya kwanza, nazo dawa za kuziba sodiamu husaidia. Kasoro zinazoipunguza hujitokeza baadaye, kama kifafa au kama usonji na kuchelewa kukua kwa akili, na dawa zilezile zinaweza kumdhuru mtoto. Jeni ni moja, na anayeandika dawa kwa kuangalia jina lake tu anarusha sarafu. CACNA1A, ya chaneli ya kalsiamu, ni mfano mwingine wa aina hiyo: kipandauso cha kupooza upande mmoja, ugonjwa wa kuyumbayumba unaokuja na kuondoka, na ugonjwa wa kuoza kwa ubongo wa nyuma ukubwani, vyote vinatoka humo.

Madaktari, kusema kweli, walitutangulia. Tangu mwaka 1998, kabla jeni haijajulikana, kulikuwa na ripoti kwamba lamotrijini, dawa ya kifafa, inawazidishia kifafa watoto wa Dravet. Sasa tunajua sababu: dawa hiyo, pamoja na karbamazepini na fenitoini, huziba chaneli za sodiamu, na niuroni za kuzuia ambazo tayari zina upungufu ndizo zinazoumia kwanza. Ninapoulizwa faida ya miaka yote hii ya pipeti, hilo ndilo jibu langu la kwanza, na si dogo: mtoto mwenye matokeo ya SCN1A yanayolingana na Dravet hapaswi kuwekwa kwenye dawa hizo, na kwa sababu hiyo wengi wameepushwa na miezi ya madhara. Katika kutafuta dawa mpya tumekuwa na mafanikio ya ajabu kidogo. Fenfluramini, iliyoidhinishwa Marekani kwa Dravet mwaka 2020, ilikuwa dawa ya kupunguza unene iliyoondolewa sokoni mwaka 1997 kwa kudhuru vali za moyo; madaktari wa Ubelgiji walikuwa wameiona faida yake kwa kifafa muda mrefu kabla. Inafanya kazi kupitia serotonini, kemikali ya kupitisha ujumbe kati ya seli za neva, si kupitia chaneli yoyote niliyowahi kuipima. Watu wa chaneli huwa hatuipendi sana habari hiyo mikutanoni.

Dawa zilizobuniwa moja kwa moja kutokana na chaneli zina historia ngumu zaidi. Retigabini, inayofungua chaneli za KCNQ, iliidhinishwa mwaka 2011 na kuondolewa sokoni na mtengenezaji wake mwaka 2017, baada ya matumizi kushuka na baada ya kubainika kwamba inaweza kuibadilisha ngozi na retina rangi kuwa ya samawati. Kwa chaneli ya KCNT1, ambayo inapozidi huleta kifafa kikali, kwinidini, dawa ya zamani ya moyo, ilionekana katika seli za maabara kuirudisha chaneli katika hali yake, na wagonjwa wachache wa mwanzo wakaripotiwa kupata nafuu. Jaribio lenye udhibiti lililochapishwa mwaka 2018 halikuonyesha manufaa, na kipimo cha dawa kiliwekewa mpaka na madhara yake kwa moyo. Hapa pia swali la seli lilikuwa limerukwa. KCNT1 ni chaneli ya potasiamu, na potasiamu inayotoka kwa wingi inapaswa kuituliza niuroni. Kwa nini basi ilete kifafa? Panya waliotengenezwa kwa kasoro ya mgonjwa wameonyesha kwamba niuroni zinazotulizwa kupita kiasi ni zile za kuzuia. Kitendawili ni kilekile cha mwaka 2001 kikiwa kimevaa jina jingine, na bado kilitukuta hatujajiandaa.

Kuhusu ruzuku na ajira sina mengi ya kusema ambayo mtafiti mwingine hayajui. Ombi moja la fedha lilirudi na maoni ya mhakiki kwamba ugonjwa huu ni adimu mno kustahili gharama ya panya wetu. Inakadiriwa kuwa Dravet humpata mtoto mmoja kati ya watoto 15,000 hivi, kwa hiyo kihesabu alikuwa sahihi. Shirika la Afya Duniani, kwa upande mwingine, huhesabu watu milioni 50 hivi wenye kifafa, na theluthi moja yao hawapati nafuu ya kutosha kwa dawa zilizopo. Namna niuroni za kuzuia zinavyoshindwa ni jambo linalowahusu wengi wao, na ugonjwa adimu wenye chanzo kimoja kinachojulikana ndio mlango mwepesi wa kuingilia humo. Niliandika hivyo katika ombi lililofuata, nalo likapita.

Kazi iliyoko mezani kwangu sasa imetokana na matibabu ya aina nyingine. Mgonjwa wa Dravet ana nakala moja nzima ya SCN1A, na sehemu ya ujumbe unaotoka hata kwenye nakala hiyo nzima hubeba kipande cha ziada kinachoifanya seli iuharibu ujumbe wenyewe kabla haujatumika. Vipande vifupi vya asidi nukleiki, vikidungwa kwenye maji ya uti wa mgongo, vinaweza kukificha kipande hicho ili ujumbe zaidi usalimike na chaneli zaidi ziundwe. Kwa panya, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kifafa na vifo vikipungua, na majaribio kwa watoto yamekuwa yakiendelea tangu hapo. Uzuri wa mbinu hii ni kwamba inaongeza chaneli pale tu ambapo jeni imewashwa tayari, yaani seli inajichagua yenyewe.

Hatari yake nayo iko palepale. Kuna watoto wachache ambao SCN1A yao haijapungua bali imezidi; ugonjwa wao huanza mapema zaidi ya Dravet, mara nyingi pamoja na mitukutiko ya viungo isiyodhibitika, na kwao kuongeza chaneli kunaweza kuwa kosa kubwa. Ripoti ya jeni inayomfikia daktari kwa kawaida haisemi kasoro iko upande gani. Husema tu kwamba herufi fulani imebadilika, na pengine kwamba maana yake haijulikani. Kwa hiyo kila badiliko linapaswa kupimwa. Mashine za leo zinaweza kurekodi seli 384 kwa mkupuo mmoja, na seli zinazotumika mara nyingi ni zilezile za figo nilizoziacha zamani. Nimezirudia, safari hii nikijua zinajibu swali gani na haziwezi kujibu lipi. Badiliko linaloonekana kuzidisha chaneli kwenye mashine tunalipeleka kwenye niuroni za kuzuia zilizokuzwa kutokana na seli shina, na hapo kazi inarudi kuwa pipeti moja, seli moja. Wiki hii tuna mabadiliko matatu ya aina hiyo kwenye foleni, na mojawapo mashine imelisoma kuwa limezidi na limepungua kwa wakati mmoja: chaneli inafunguka mapema kuliko kawaida, lakini chaneli zinazofika kwenye utando ni chache. Sahani ya niuroni zake itakuwa tayari Jumatatu.